Redio Niliyomchagulia Baba Mkwe

Yamumbi, Eldoret. Ijumaa jioni, mwezi wa nne.

Leo mawingu yalianza kujikusanya upande wa Nandi kabla hata ya saa sita, na mpaka sasa hayajanyesha. Yamekaa tu. Nimeanua nguo ambazo hazijakauka, nimepika ugali ambao sijauonja, na nimekuja kukaa hapa kwenye kompyuta kwa sababu nikiendelea kuzunguka jikoni nitavunja kitu.

Kesho asubuhi baba mkwe wangu anampeleka mama mkwe wangu Kitale kwa ndege yake ndogo ya viti viwili. Redio iliyomo ndani ya ndege hiyo niliichagua mimi na kuifunga mimi. Ni redio nzuri sana, sijapata kufunga nyingine inayoizidi.

Naogopa.

Kwa wale wageni hapa: mimi ni fundi wa redio za ndege ndogo. Najua wengi wenu mnakuja kusoma habari za kuku wangu na vituko vya Imani, binti yangu, lakini unga wa nyumba hii unatoka kwenye banda la ndege kule uwanjani. Nikimwambia mtu kazi yangu, anauliza kama marubani husikiliza matangazo ya vifo wakiwa angani. Hapana. Redio ya ndege ni ya kuzungumza na mnara, yaani wale watu wanaoziongoza ndege zisigongane. Halafu kuna intakomu, ambayo huwaunganisha waliomo ndani ya ndege, kila mtu na hedifoni zake na kipaza sauti mdomoni, maana injini ya ndege ndogo inapiga kelele kuliko posho mill, ile mashine ya kusaga unga.

Kuchagua hivi vitu ni raha yangu, nikubali. Mwenye ndege akija na picha ya redio aliyoiona kwenye simu, inayong'aa kama meza ya disko, mimi namuuliza maswali ya kuchosha. Umeme wa ndege yako unatosha kuilisha? Tarakimu zake zinasomeka jua likiwa usoni? Kitufe chake utakipata ukiwa umetetemeshwa na upepo, bila kuangalia? Je, inaweza kusikiliza mnara huku ikisikiliza na marubani wengine? Na intakomu yake inafunguka vipi? Hapo ndipo wengi hunyamaza. Intakomu haiachi kipaza sauti wazi wakati wote, la sivyo mngesikia injini tu. Inafunguka yenyewe mtu akizungumza na kujifunga akinyamaza, na kuna kifundo kidogo cha kuzungusha, cha kuamua inahitaji sauti kubwa kiasi gani. Ukikikaza mno, mtu wa sauti ya chini anaongea mpaka anachoka, na chombo kinamhesabu kuwa upepo.

Mimi ni mtu wa sauti ya chini. Si kila mahali. Waulize wauza mitumba. Lakini mbele ya baba mkwe sauti yangu hupungua hadi hata mimi siisikii vizuri.

Mzee alikuwa rubani wa kunyunyizia dawa mashamba ya ngano. Miaka mingi aliruka chini chini juu ya ngano ya watu, injini ikimngurumia usoni, na hedifoni za enzi zile zilikuwa pamba na plastiki tu. Alipostaafu alinunua shamba huko mbele ya Turbo, akapanda mahindi kama kila mtu, akadumu misimu michache akiwa hana raha. Kisha akanunua kindege kikuukuu cha viti viwili. Mama, yaani mama mkwe, alilia siku ile. Wekesa, mume wangu, alifurahi kama mtoto, na tangu hapo Mzee akiruka, Wekesa ndiye hukaa kiti cha upande wa kulia.

Mwaka jana Mzee alianza kulalamika. Redio inameza maneno. Malalamiko hayo yalinifikia kama mambo yake yote yanavyonifikia, kupitia kwa Mama. Nikabadilisha waya wa antena. Bado inameza. Nikamtafutia hedifoni mpya zinazozuia kelele. Bado. Nikaing'oa redio yenyewe, nikamwekea hii ya sasa, na wiki hii nikamalizia na intakomu mpya. Kila mara niliipima kabla ya kumrudishia ndege, na kila mara ilikuwa safi. Nilianza kujitilia shaka. Nililala nikiota nyaya.

Sasa nieleze jambo ambalo jirani yangu Mama Njoki, mwenye duka hapa kona, hulicheka mpaka anashika mbavu, maana yeye hula meza moja na baba mkwe wake na kumbishia siasa. Sisi Wabukusu, mke wa kijana na baba wa kijana hawakaribiani. Hatushikani mikono. Kiti alichokalia sikikalii. Akija kwetu ninapitia mlango wa nyuma, na nikiwa na neno naye namwambia Mama, Mama anamwambia, jibu linarudi kwa njia hiyo hiyo. Si chuki. Ni heshima, na mimi naipenda, inanipa nafasi ya kupumua. Mzee ananiheshimu kiasi kwamba katika miaka yote ya ndoa hajawahi kuniinulia sauti.

Lakini ndege ya viti viwili ni bega kwa bega, goti kwa goti. Kwa hiyo sikuwahi kukaa ndani na yeye. Nikipima redio nilikaa peke yangu na kuita mnara, wakanijibu vizuri. Au yeye alikaa ndani peke yake, nami nikasimama nje mbele ya kioo na redio ya mkononi, nikitamka maneno polepole, naye akaniangalia na kuinua dole gumba. Wateja wengine wote huwa naruka nao raundi moja ndipo niseme kazi imekwisha. Mzee peke yake ndiye sikuruka naye.

Leo heshima iliishiwa na njia. Intakomu haipimwi na mtu mmoja, na lazima injini iwe inawaka. Wekesa ni mwalimu Turbo na alikuwa amezuiwa kwenye mkutano wa wazazi. Fundi mwenzangu ana homa. Mzee alisimama kando ya bawa akiangalia viatu vyake, akasema, "Mama Imani, hakuna njia ingine. Ingia tu. Hii ni kazi."

Niliingia. Nikakunja koti langu na kuliweka kati yetu. Yeye akavua kofia na kuiweka juu ya koti, akaongeza ukuta. Ningecheka kama ningekuwa na pumzi.

Injini ilipowaka niliomba mnara ruhusa ya kusogea hadi mwisho wa eneo la maegesho, ili nijaribu redio tukiwa mbali na majengo. Waliruhusu, wakasisitiza tusivuke mstari wa njano ulio kabla ya njia ya kutulia ndege. Nikaonyesha mbele kwa kidole, na Mzee akaanza kuisogeza ndege taratibu. Nikajaribu intakomu. Nilisema, "Baba, unanisikia?" kwa ile sauti yangu ya ukweni, na chombo hakikufunguka. Nikalegeza kifundo mpaka hata mnong'ono wangu ulipita. Niliusikia kwenye hedifoni zangu, safi kabisa, kama niko kwenye bafu. Nikarudia. Mzee alikuwa anatazama mbele akipiga mluzi wimbo wa kanisani. Nikarudia kwa sauti ya sokoni. Mluzi uliendelea.

Nikaangalia sauti ya upande wake. Ilikuwa imefunguliwa hadi mwisho.

Hapo mnara ukaita. Walitaja namba ya ndege yetu, wakasema tusimame hapo tulipo, ndege ya mizigo inatua. Mzee hakusimama. Mstari wa njano ulikuwa unakuja. Wakaita tena, safari hii yule mtu sauti yake ilikuwa imepanda. Nikasema kwenye intakomu, "Baba, simama." Nikasema tena. Mluzi ulikuwa umefika kiitikio.

Nilimshika mkono.

Nilimshika kwa vidole vyote, juu ya saa yake, nikavuta. Alikanyaga breki. Pua ya ndege yetu ilikuwa imeshauvuka mstari kidogo. Lile dubwana la mizigo likashuka mbele yetu, tairi zikatoa moshi, na muda mfupi baadaye upepo wake ukatufikia, ukatutikisa mabawa. Nilijibu mnara kwamba tumesimama. Sauti yangu haikutetemeka, sijui kwa nini. Kisha niliona bado nimemshika, nikamwachia.

Mzee aliutazama mkono wake kwanza, ndipo akanitazama mimi. "Hii radio bado inameza maneno," alisema.

Sijui nani alinituma kufanya nilichofanya baadaye. Nilimgeukia, nikachezesha midomo bila kutoa sauti yoyote. Nilitamka "Turudi?" kwa mdomo mtupu, injini ikinguruma kati yetu.

"Eeh," akasema. "Turudi."

Nilielewa vidole gumba vyote vile alivyoniinulia kupitia kioo. Alikuwa ananisoma mdomo. Redio haijawahi kumeza neno hata moja. Mwaka mzima nimekuwa nikibadilisha nyaya na vipaza sauti nikitafuta ugonjwa mahali ambapo haupo, na mahali ulipokuwa pangejulikana siku ya kwanza kama ningekaa kando yake nusu saa.

Tuliporudi bandani alizima injini, akavaa kofia yake, akatengeneza kola. Alikuwa mchangamfu kidogo, kama mtu anayetaka jambo lisahaulike. "Umefanya kazi mzuri," aliniambia. "Kesho namtoa Mama mpaka Kitale aone dada yake. Amekataa hii ndege miaka yote. Sasa amekubali, juu ya radio yako."

Nilisema asante Baba. Niliisema nikiangalia chini, kwa hiyo nadhani haikumfikia.

Kuna fomu ya kazi ambayo nilipaswa kujaza, inayouliza kama chombo kinafanya kazi. Nilijaza kwamba kinafanya kazi, nikatia sahihi. Ningeandika nini? Hakuna sehemu ya masikio.

Nilirudi nyumbani nikimngoja Wekesa kama mtu anayengoja gari la wagonjwa. Nilikuwa nimepanga maneno, nimtayarishe kwanza, nimkalishe. Ni baba yake. Alipoingia nikamwekea chai, nikampeleka Imani kwa Mama Njoki, nikamwambia yote: mstari wa njano, ndege ya mizigo, midomo mitupu.

Aliendelea kukoroga chai ambayo haina sukari.

"Kwani ulikuwa unadhani ni nini?" akaniuliza.

Anajua. Anajua tangu muda mrefu, hakutaka kusema tangu lini. Mnara ukizungumza, yeye ndiye anayejibu. Kisha anampigapiga Mzee gotini, kuna pigo la simama na pigo la endelea, na kuna kidole cha kuonyesha ndege nyingine iko wapi. Hawajawahi kulizungumza. Mzee hakuomba, yeye hakueleza. Ilianza tu, ikawa ndiyo namna wanavyoruka. Wekesa hana leseni hata ya pikipiki.

Nilimuuliza kwa nini aliniacha nihangaike na redio mwaka mzima. Nilimuuliza kwa sauti ambayo intakomu yoyote ingefunguka.

"Nilidhani utapata moja kali, imsaidie kidogo," akasema. "Na ungefanya nini? Nani angemwambia, wewe ama mimi? Huyo mzee ukimtoa kwa ndege, utampeleka wapi? Atakaa kwa shamba akiangalia mahindi ikimea?" Halafu akasema mwisho wa mwaka Mzee atapimwa afya ili leseni iendelee, wacha daktari ndiye aseme.

Mwisho wa mwaka ni mbali. Kesho ni kesho.

Nilimkumbusha kwamba ndege ina viti viwili. Mama akipanda, yeye hayumo. Mama hajui redio, hajui mnara, hajui mapigo ya gotini. Wekesa akasema anajua. Akasema hali ya hewa ya asubuhi huwa nzuri, Kitale ni karibu, Mzee ameruka njia hiyo maisha yake yote. Alisema haya akiangalia ukuta. Nampenda huyu mtu na leo nilitaka kummwagia ile chai.

Nimewaza kila kitu. Nikiitoa fyuzi ya redio, ataipata kabla sijafika getini, na hata asipoipata ataruka bila redio, alizoea hivyo ujanani. Nikiwaambia watu wa mnara, watamzuia, ndiyo, na itakuwa nimemvua nguo Mzee katikati ya soko. Wataniuliza pia kwa nini nilitia sahihi. Nikimpigia yeye mwenyewe, hapokei simu kamwe. Tumezoea kusema kwake network ni mbaya. Tumezoea kusema mambo mengi.

Kwa hiyo nilifanya kama inavyotakiwa. Nilimpigia Mama.

Nilimwambia kesho wasiende. Akauliza kwa nini, na redio si nimetengeneza? Nikamwambia redio ni nzima, ni Baba, Baba hasikii. Nilifumba macho nikisema. Niliona kama nimetukana.

Mama akacheka polepole, bila furaha.

"Mama Imani, mimi naishi na huyo mtu," akasema. "TV yetu inasikika mpaka kwa barabara. Nilijua kabla yenu nyote."

Nikamuuliza sasa kwa nini anapanda. Nilimuuliza karibu na kulia. Yeye alikuwa anapanga vitu, nilisikia mifuko ya plastiki ikichakacha, nadhani ni mboga za kumpelekea dada yake.

"Hiyo kiti ni moja," alisema. "Nikikalia mimi, Wekesa hakalii. Kila siku wakitoka, mimi nakaa nje mpaka nisikie hiyo ngurumo ikirudi. Nimechoka. Wekesa bado ako na mtoto wa kulea, ako na wewe. Mimi nimezaa, nimelea, nimemaliza. Mzee hatawacha kuruka, na siwezi kumwacha aende peke yake. Basi acha tuende wawili."

Niliihamisha simu sikio jingine.

"Nilikuwa nakuja kukuuliza kitu," akaendelea, sauti yake ikiwa ya kawaida kabisa, kama anayeomba chumvi. "Kesho fika mapema kidogo, unifundishe mahali pa kubonyeza. Kama wakiita, nijue tu kuwajibu sisi tuko hapa."

Nikamwambia nitafika mapema.

Simu imekatika na bado nimekaa. Wekesa yuko sebuleni anasahihisha madaftari, na hajafungua daftari jingine tangu nianze kuandika haya. Sijamwambia maneno ya mama yake. Nikimwambia, kesho atakimbia akakalie kile kiti yeye, na nitakuwa nimemtoa mmoja na kumwingiza mwingine.

Mawingu bado yako pale pale.

Nimekusudia kufika uwanjani kabla yao. Nimekusudia kusimama mbele ya Mzee, karibu kuliko mkaza mwana anavyosimama, nimtazame usoni na kumwambia kwamba masikio yake yamekwisha, na kwamba kuna watu wanaojipanga kufa mmoja baada ya mwingine ili asiambiwe. Nimejaribu kuyasema mbele ya kioo cha bafuni. Nimeyasema mpaka katikati, nikajikuta nimeinamisha kichwa.

Najijua. Naweza kufika pale, nikamwona anazunguka ndege yake akiigusa mabawa, akanisalimu kwa heshima kama kawaida yake, na maneno yote yakaniishia. Yakiniishia, sitamfundisha Mama kubonyeza chochote. Nitamwomba anipishe, nitaingia kwenye kile kiti, na nitafunga mkanda.